Upande wa Chini wa Daraja

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto wote. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, maana Mama ameniambia kwamba siku hizi unashuka garini kama mtu anayeshuka mtini. Sisi huku ni wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi na kumwachia mchana. Mdomo wake, nashukuru, haujawahi kuugua hata siku moja. Ndiye aliyenishauri nikuandikie. Alisema simu zangu umezikataa vya kutosha, na hata ungepokea ungekata katikati. Lakini barua, alisema, mtu huitupa juu ya kabati kwa hasira, kisha akairudia mwenyewe. Basi kama hii imelala juu ya kabati siku mbili tatu, si neno, ilimradi umeifungua kabla ya Alhamisi.

Wiki kumi na moja zimepita tangu tuachane pale barabarani, na hatujasemezana. Sikulaumu. Nakuomba tu uisome hadi mwisho, maana kilichonifanya nishike kalamu kiko mwishoni, na sikuweza kukitanguliza.

Kazi yangu unaijua kwa jina. Ukimuuliza mtu daraja ni nini, atakuonyesha barabara inayopita juu. Sisi tumeajiriwa kutazama upande wa chini. Tunatazama mifereji iliyozibwa na taka, maji yanapotuama na kula zege. Tunatazama misingi ya nguzo, kwa sababu mto huchimba polepole kama panya. Tunatazama chuma, kutu na bolti zake. Kisha tunaandika moja ya maneno matatu, nzuri, wastani au mbaya, tunatia saini, na watu wanaendelea kupita bila kujua kwamba tulikuwepo.

Siku ile ilikuwa Jumanne. Tulifika saa mbili asubuhi, mimi, dereva wa idara, na fundi mmoja tunayemwita Mzee Nyundo. Ni mtu wa maneno machache, amefanya kazi hii miaka thelathini, na haachi kinyundo chake chenye mpini uliolainika kwa jasho. Hugonga zege, hugonga chuma, akainamisha kichwa na kusikiliza kama daktari wa kifua. Nilipoanza kazi nilikuwa namcheka. Aliniambia chuma kizima huimba, chuma kilichochoka hukohoa. Siku hizi simcheki.

Daraja lenu hilo la mtoni, ambalo kwenye mafaili yetu ni namba kumi na saba, limebebwa na boriti mbili kubwa za chuma. Mbili tu. Madaraja ya siku hizi huwekewa nne au tano, ili moja ikigoma wenzake waubebe mzigo. Hili ni la zamani, na boriti zake ni kama macho, huna ya akiba.

Tulishuka kwa ngazi ya nguzoni hadi kwenye kijia cha chuma kinachoning'inia chini ya barabara. Huko chini lori likipita juu unalisikia kwa miguu kabla ya masikio, na vumbi hudondoka ndani ya kola. Mzee Nyundo alitangulia akigonga. Katikati ya mto alisimama, akagonga tena, kisha tena. Akaniita bila kupaza sauti, akaniambia niwashe tochi.

Miaka mingi nyuma, boriti ile iliongezwa bamba la kuitia nguvu, likachomelewa kwa chini. Pale bamba linapoishia, chuma kilikuwa kimepasuka. Ufa ulikuwa umekata upana wote wa ukingo wa chini wa boriti, kisha ukapinda na kupanda juu kiasi cha kiganja kizima. Tukiwa tunatazama, lori likapita. Kaka, niliuona ufa ukifunguka na kujifunga, kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Ukucha wangu ungeingia. Mzee Nyundo alipitisha kidole kwenye michirizi ya kutu iliyokuwa imeshuka kutoka pale, akanionyesha. Haikuwa ile kutu nyekundu inayotoka kama unga. Ilikuwa nyeusi, yenye magamba. Akasema kutu hii si ya jana.

Nilipopanda juu nilimpigia mkuu wangu. Ofisini tunamwita Bwana Kesho, wala si kwa siri sana. Akaniambia nisiguse kitu, angeitisha kikao kesho yake. Nikamwambia kesho ni mbali. Akasema barabara kuu haifungwi kwa maneno ya mtu mmoja kwenye simu. Hapo nikakata. Nikamwomba dereva wetu alitie gari kwa ubavu katikati ya barabara na anipe funguo. Mzee Nyundo alivuka kwa miguu hadi upande wa pili, akasimama na kitambaa chake chekundu, na mtu huyo mwenye miaka hamsini na tisa akalisimamisha basi kwa mkono mmoja. Askari wa barabarani walikuja baada ya saa nzima. Saa ile ilikuwa ndefu.

Foleni ilikua. Dereva wa lori la saruji alishuka akaniuliza kama nimegombana na mume wangu. Nikamwambia mume sina, nina ufa. Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kwa robo saa. Baadaye hakuna aliyecheka tena. Mmoja aliniita mhandisi wa makaratasi. Mwingine alitaka nimwonyeshe huo ufa, nikamkaribisha ashuke ngazi; alitazama maji kule chini akasema ameniamini.

Ndipo ukaja wewe, na gari lako la wagonjwa.

Yaliyotokea unayakumbuka kuliko mtu yeyote, lakini ulikuwa nyuma ya usukani nami nilikuwa mbele ya gari, na kila mmoja aliona upande wake. Uliniambia una mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya, hospitali iko ng'ambo hapo hapo, na gari lako ni moja tu na ni jepesi. Kwenye dirisha la nyuma niliuona mkono wake umeshika chuma cha kitanda mpaka vidole vimebadilika rangi. Nikasema hapana. Ukaniambia, "Nimekubeba mgongoni wewe, leo wewe ndiye unanifungia njia?" Nikasema hapana tena. Kisha ukasema lile neno la pili, ambalo sitaliandika, maana Mama anaweza kuisoma barua hii kabla sijaifunga bahasha. Ukageuza gari, ukashika njia ya mzunguko, kilomita sitini na nne za mawe na mashimo. Nililitazama vumbi lako mpaka likatua.

Kulikataza gari nilikuwa na haki, na leo ningekataza tena, hata angekuwa Mama ndiye aliyelala mle ndani. Lakini ipo sehemu nyingine, na hiyo nakupa. Mtu anayetembea si mzigo kwa daraja. Machela ingeweza kupita. Watu wanne wangembeba yule mama mita mia mbili, upande wa boriti nzima, na gari jingine la hospitali lingempokea ng'ambo. Sikulifikiria. Nilikuwa nimeshikilia neno hapana kwa mikono yote miwili, sikubakiza mkono wa kushika kitu kingine. Wazo lilinijia jioni, nikiwa navua viatu, nikakaa sakafuni pale pale. Kesho yake asubuhi nilipeleka pendekezo, na ndiyo sababu siku hizi watu wanavuka kwa miguu, kumi kumi kwa zamu, na mnabadilishana wagonjwa kwa machela. Hukujua lilitoka kwangu. Niliomba wasiseme.

Nilikwenda kumwona yule mama. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwenye kiwanda cha matofali. Nilikuta mtoto ananyonya, mzito kama tofali lenyewe. Akanisimulia jinsi ulivyolisimamisha gari kwenye kivuli muuguzi wenu alipokuambia hatafika hospitali kabla ya kujifungua, jinsi ulivyoishika juu chupa ya maji ya dripu, huku ukimpa hadithi za mgonjwa mmoja aliyeng'ang'ania kusafiri na jogoo wake. Alisema alicheka katikati ya uchungu, akakutukana, akacheka tena. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuzuia, na kwamba ilikuwepo njia ya machela nami sikuiona. Akanikabidhi mtoto, akaenda kuepua chungu kilichokuwa kinafurika jikoni. Aliporudi hakulitaja tena. Sijui kama huo ulikuwa msamaha au chungu tu kilikuwa kinamwagika.

Sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika.

Wiki ile ya kwanza niligeuka shujaa. Uliona gazeti. Wakubwa walikuja na kofia ngumu mpya zenye stika bado, wakapigwa picha, wakasema nimeokoa mamia ya watu. Ikatangazwa kwamba nitapewa cheti cha heshima. Majirani walikuja kumpongeza Mama, na kila aliyeingia alinipigia ile methali ya ufa na ukuta mpaka nikaichoka. Mama alikuwa amekaa pale mlangoni kama aliyelijenga daraja kwa mikono yake.

Siku ya tatu Bwana Kesho aliniita ofisini, akafunga mlango. Juu ya meza alikuwa na faili la namba kumi na saba, limefunguliwa ukurasa wa mwisho. Ni ukaguzi wa miaka mitatu iliyopita. Palikuwa pameandikwa kwamba boriti zimetazamwa kwa karibu upande wa chini, hali nzuri. Chini yake kuna saini yangu, na chini ya yangu, ya kwake. Alizungumza kwa upole. Alisema wanakamati wa uchunguzi watauliza ufa umetoka wapi, na jibu bora ni kwamba ni mpya, umeletwa na malori yanayozidisha mizigo. Alisema jibu hilo halimuumizi mtu. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Wewe si ulishuka mwaka ule?"

Kaka, sikushuka.

Nimejaribu kutafuta sababu nzuri ya kukupa. Nilitamani niseme nilikuwa mgonjwa, au Mama alikuwa mgonjwa. Hapana. Ilikuwa Ijumaa, mvua imenyesha, ngazi inateleza, na nilikuwa peke yangu na dereva kwa sababu Mzee Nyundo alikuwa likizo. Nilisimama ukingoni, nikatazama kwa mbali kama dakika mbili. Boriti zilionekana vizuri, kama kitu chochote kinavyoonekana vizuri ukiwa mbali nacho. Nikarudi garini, nikafungua ripoti ya aliyenitangulia, nikanakili maneno yake nikiwa nimeweka fomu juu ya goti. Saa tisa nilikuwa nyumbani.

Huenda wakati ule ufa ulikuwa unywele tu. Huenda haukuwepo kabisa. Sitajua kamwe, kwa sababu sikutazama. Ninachojua ni hiki, na ndicho kinachoniamsha: miaka mitatu umelivuka daraja lile kila siku, mara mbili, mara nne, na wagonjwa nyuma yako, na kilichokuvusha ni saini yangu. Ulipokuwa unanifokea pale barabarani, uliamini nakuzuia kwa ukaidi. Nami, hata nilipokuwa nasema hapana, nilishajua. Ile kutu nyeusi ilikuwa imeniambia tayari. Kumbe nilikuwa nimesimama mbele ya gari lako kama mtu mwadilifu, na ndani nilikuwa nimeoza kama ile boriti.

Nilimwambia Bwana Kesho kwamba sitaandika ufa ni mpya. Akanikumbusha kuwa saini ziko mbili pale, na kwamba ana watoto shuleni. Hilo liliniuma, maana si mtu mbaya, ni mtu anayeahirisha. Nikamwambia nitazungumzia yangu tu.

Nyumbani nilimweleza Mama kwanza. Alikuwa anapepeta mchele. Aliumaliza ule ungo, akauweka chini. Kisha akasema wale majirani waliokuja kumpongeza atawaeleza yeye mwenyewe, nisihangaike nao, mimi niende nikawaeleze wanaohusika. Akaongeza kwamba pongezi zenyewe zilishaanza kumchosha, kila anayekuja anataka chai.

Kamati ilikuwa ya watu watano, chumba chenye meza ndefu na chupa ya maji mbele ya kila mmoja, isipokuwa mimi. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliniuliza kama ninaelewa kwamba ninayoyasema yanaandikwa. Nikamjibu ninaelewa, ndiyo maana nayasema taratibu. Niliwaambia yote niliyokuandikia hapa, hata ile Ijumaa na fomu juu ya goti.

Kisha nikawapa karatasi ambayo hawakuiomba. Mwaka ule nilitia saini madaraja kumi na moja. Nilikuwa nimekaa na madaftari yangu siku nzima, nikijiuliza kwa kila moja: hili nilishuka? Manane ningeweza kuapa. Matatu sikuweza, na namba kumi na saba ni mojawapo. Niliomba yale mawili yaliyobaki yatazamwe upya mara moja, na mimi niwepo.

Wamenivua haki ya kutia saini kwa miaka miwili. Nimerudishwa kuwa msaidizi, ninabeba ngazi na kuandika ninayoambiwa. Bwana Kesho amepewa barua ya onyo. Hanisalimii, ingawa juzi alinipa gari siku hiyo hiyo nilipoliomba, bila kutaja kesho. Cheti cha heshima kilikuwa kimeshachapwa. Sijui wamekipeleka wapi.

Yale mawili tumeyakagua, Mzee Nyundo na mimi, chini ya mhandisi kijana aliyechukua nafasi yangu. La kwanza ni zima. La pili mto umechimba msingi wa nguzo hadi nikaweza kuingiza mkono wote, mpaka begani, chini ya zege. Nililala kifudifudi kwenye matope, mkono uko ndani, nikipapasa mahali palipotakiwa kuwa na mwamba, na palikuwa na maji tu. Malori yamezuiwa pale, mawe makubwa yanamwagwa. Hakuna aliyepiga picha. Nilipokuwa naoga jioni ile, nilijikuta nayafikiria madaraja ya idara nzima, yale ya wengine waliokuwa na Ijumaa zao. Nimeomba tuyapitie yote. Wamesema watu hawatoshi. Nimesema nitaanza na karibu, nibebe ngazi mwenyewe. Mzee Nyundo alitakiwa kustaafu mwezi ujao, amesogeza mbele. Nilipomuuliza kwa nini, alisema nyumbani hakuna cha kugonga.

Ripoti ya kamati inatoka Ijumaa, na jina langu litakuwemo gazetini, safari hii kwa sababu nyingine. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisoma kwa mwingine, na kabla wenzako hospitalini hawajakutazama kwa pembe ya jicho.

Na daraja lenu limepona. Walitoboa tundu kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kupanda, wakafunga mabamba mapya pande zote kwa bolti, boriti ikiwa imeinuliwa na jeki kubwa kutoka chini. Juzi walipitisha malori manne ya mchanga, wakayasimamisha katikati kwa saa nzima. Nilihesabu bolti zote kwa mkono wangu, kisha Mzee Nyundo akagonga kila moja, kisha nikahesabu tena. Litafunguliwa Alhamisi saa nne asubuhi.

Magari ya kwanza yakipita, mtu mmoja anatakiwa awe kwenye kile kijia cha chini, atazame mabamba yanavyopokea mzigo. Kazi hiyo ni ya msaidizi, na msaidizi ni mimi. Najua zamu yako ya asubuhi, na najua utakuwa miongoni mwa wa mwanzo. Sikuombi usimame, wala upige honi, wala unisamehe siku hiyo. Vuka na mgonjwa wako, mwendo wako wa kawaida. Ujue tu kwamba safari hii aliyelitazama yuko chini yake.

Nifikishie salamu kwa wifi. Mwambie kitambaa alichoniahidi bado nakidai. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka, na yule wa mwisho aache kula chaki. Mama anasema uweke mto nyuma ya mgongo unapoendesha na usijifanye kijana. Kama utajibu, nitafurahi. Kama hutajibu, nitaandika tena.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja.